Sarafu Kuukuu ni Daftari
Mkulima wa Junju akiibua kwa jembe kisahani cha shaba chenye kutu ya kijani, asikisugue kwa mchanga. Huenda ni sarafu, na sarafu kuukuu ni daftari ya imani. Huko Roma, Kaisari Konstantino alichora mungu Jua katika sarafu zake mpaka yapata mwaka 325.  Kilwa nako, sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan zilibeba jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtumaini Mola, yenye kina kimoja na jina hilo. Maandishi yakisuguliwa hufutika. Heri akipeleke makumbusho ya Gede au Mnarani, aonyeshe na mahali alipokipata. Mali bila daftari hupotea bila habari.