Kufanikiwa kwa Askari

Liko neno moja ambalo sisi wasomi tumeliharibu kabla wengine hawajaliharibu, nalo ni kufanikiwa. Zamani ukisikia fulani amefanikiwa, ulingoja uambiwe amefanikiwa katika jambo gani. Siku hizi hapana haja ya kungoja. Nyumba ya bati la rangi, gari uani, watoto katika shule ya kulipia: maana imekwisha kufungwa kama sukari ya kilo dukani, na kila mtu hupewa kifurushi kile kile, awe mvuvi, mwalimu, sheikh au askari. Kwa mfanyabiashara sina ugomvi, kwa sababu kipimo hicho alikitengeneza yeye na chamfaa. Ugomvi wangu ni juu ya askari.

Ulianza darasani. Niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya maisha ya askari aliyefanikiwa, kisha nikajuta. Waliandika Kiswahili safi, lakini fikra zao zilikuwa mbili tu. Wengi walisema askari aliyefanikiwa ni yule apandaye cheo upesi, akastaafu na nyota nyingi begani na nyumba mbili, moja ya kukaa na moja ya kupangisha. Wachache, ambao walijiona wameinuka juu ya wenzao, walisema askari hana mafanikio yake mwenyewe kabisa. Ameitoa nafsi yake kwa nchi, na asiye na nafsi hana la kufanikiwa. Fikra ya kwanza ni ya dukani. Ya pili ni ya jukwaani, na aghalabu husemwa na mtu ambaye usiku hulala kitandani mwake. Nazikataa zote mbili.

Nianze na hii ya jukwaani, kwa kuwa ina sura nzuri na kwa hiyo ina hatari zaidi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kila mmoja wao alizaliwa na mama, na kila mmoja aliacha mambo yake nusu. Msomaji, chukua vipimo vyetu viwili uende navyo kwenye makaburi yao. Kwa kipimo cha dukani walishindwa, maana walikatwa kabla ya kujenga. Kwa kipimo cha jukwaani hawakuwahi kuwapo. Iliyokuwapo ni nchi, na nchi yaendelea. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya hukumu hizi mbili. Amwambiaye askari kwamba hana nafsi, mwisho wake hujiambia mwenyewe kwamba hadaiwi kitu na askari.

Hii ya dukani yahitaji subira, maana ndani yake mna haki kidogo, na mimi sitaki kuwa miongoni mwa wanaowacheka vijana kwa kutaka mshahara. Aprili 2021 vijana 854 waliokuwa wakijitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa waliondolewa makambini baada ya kuandamana wakidai ajira waliyoamini kuwa wameahidiwa. Jeshi lilisema nidhamu imevunjwa, na kweli ilivunjwa. Hapana jeshi duniani liwezalo kuendeshwa kwa maandamano. Lakini ni nani aliyewafundisha vijana wale kwamba gwanda ni mlango wa ajira na si kitu kingine? Ni sisi. Katika vijiji vya Unguja mzazi humpeleka mwanawe Jeshi la Kujenga Uchumi, lililoanzishwa mwaka 1977, huku moyoni akihesabu siku hata kijana aajiriwe kikosini. Kijana akirudi na ufundi wa useremala lakini bila ya ajira, mtaa mzima husema amerudi mikono mitupu. Mikono yenye ufundi yaitwa mitupu!

Tena jambo hili si geni katika historia yetu. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwaasi wakuu wao. Walitaka mambo mawili: mshahara ulio bora, na maofisa Waingereza waondoke ili Waafrika wapande vyeo. Nchi ilikuwa huru tangu Desemba 1961, na bado amri zilitolewa kwa Kiingereza cha wale wale wa zamani. Malalamiko hayo, ukiyaweka mezani, ni ya haki. Walakini waliyadai kwa bunduki, na bunduki haikuwa yao, ilikuwa amana. Tarehe 25 Januari serikali changa ililazimika kuwategemea askari wa Uingereza kuuzima uasi, na aibu hiyo haikusahauliwa upesi. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, likiongozwa na Mirisho Sarakikya, ambaye kabla ya hapo alikuwa luteni. Ngazi ile waliyoililia ikafunguka kweli, tena kwa upana kuliko walivyoota. Ila wengi wao hawakuwapo tena kuipanda.

Yuko atakayesema: basi mafanikio ya askari ni ustadi wake, si cheo wala mali. Hili lilikuwa jibu langu mimi mwenyewe kwa miaka mingi, hata nilipokitafakari kisa cha wazee wa Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliazimia kuwalipa askari wazee waliolitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao malipo yao yalikuwa yamelala tangu 1918. Inasimuliwa kwamba wengi walifika bila ya cheti chochote. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio uwe badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Na wazee wale, baada ya miaka karibu hamsini, hawakukosea hata mmoja. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko na kwa sifa. Mimi hunitia huzuni. Ustadi ule uliodumu katika mifupa ya wazee ndio uliotumiwa na jeshi lile kuvizima vita vya Maji Maji baina ya 1905 na 1907, pamoja na mashamba kuchomwa na njaa kuu iliyofuata. Na wenyewe walijipatia walichokitaka zama zile: nyumba karibu na boma, wake, ng'ombe, wafuasi, na jina la kuitwa wakubwa. Kwa kipimo cha dukani, hapana askari katika nchi hii waliofanikiwa kuliko wao. Ustadi ni sifa ya mkono, nao mkono haujiulizi umetumwa na nani.

Sasa nitoke maktabani, maana jibu sikulipata huko. Baada ya kusahihisha zile insha niliwachukua wanafunzi wangu kwenda Jozani, mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka Mjini kwa barabara ya Makunduchi. Wao walikwenda kuwaona kima punju. Mimi nilikwenda kupumzika na wao. Tulipotoka chini ya mitondoo tulikaribishwa barazani na mzee mmoja ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya msitu, kuelekea Pete. Nyumba ni ya mawe na udongo, na paa lake ni la makuti yaliyochoka. Tukaamkia, akaitika marahaba, na kwanza kabisa akatushitakia kima wanaomlia nazi changa. Nilimweleza kwamba wataalamu waliichunguza shutuma hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, wakaona kuwa minazi iliyoliwa na kima haikupungua mavuno. Kwa kuwa nazi changa nyingi zingepukutika zenyewe, yaelekea kima huupunguzia mnazi mzigo, zinazobaki zikakomaa. Mzee hakusadiki. Alinionyesha vidaka vilivyotapakaa chini, akasema, "Mwalimu, hizi ndizo ninazoziona."

Mwanafunzi mmoja alipotaja kwamba ana nia ya kuingia jeshini, mzee aligeuka kama aliyeguswa bega. Alikuwa koplo katika vita vya Kagera. Kijana, kwa adabu yote, alimwuliza ni mafanikio gani aliyoyapata huko. Naandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Nilipewa watu tisa, mie wa kumi. Tulivuka Mutukula kumi, tukarudi kumi. Mmoja mguu wake haukurudi, lakini mwenyewe alirudi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na hapana mtu Uganda awezaye kuja hapa kunidai kitu. Mbele ya Masaka vijana wangu walikata mkungu wa ndizi wa bibi mmoja. Njaa ilikuwa kali. Nilimpa yule bibi sukari yangu ya wiki nzima, nao nikawatukana mpaka wakalia."

Wanafunzi walicheka, walidhani ni mzaha. Na yule kijana, ambaye insha yake ilikuwa na nyumba mbili, akauliza kwa huruma, "Kwa hiyo, mzee wangu, hukufanikiwa kupanda zaidi ya koplo?"

"Cheo kilikuwa cha jeshi, mwanangu. Nilikirudisha pamoja na buti."

Garini njia nzima walimsikitikia. Mmoja alisema wazi: maskini, amelitumikia taifa na hakuambulia kitu. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika makala haya.

Hakuambulia kitu? Askari ndiye mtumishi wa pekee ambaye sheria humpa chombo cha kuua, kisha ikamtaka asikitumie ila kwa amri na kwa kiasi. Basi sehemu kubwa ya kazi yake njema ni yale ambayo hayakutokea: kijiji kisichochomwa, mwanamke asiyeguswa, kijana wa miaka 19 asiyepelekwa mahali pa kufa kwa sababu koplo wake alikuwa macho. Mambo yasiyotokea hayana picha ukutani. Sisi twahesabu vidaka vilivyo chini, kwa kuwa ndivyo tunavyoviona. Mzee wa Jozani hakusema habari ya ushindi, ingawa jeshi lake liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na angeweza kujivuna nao. Wala hakusema amejitoa mhanga. Alitoa hesabu ya watu waliokuwa amana mikononi mwake, na ya deni aliloliacha au hakuliacha katika nchi ya watu. Hesabu hiyo ni yake binafsi kabisa. Serikali haikumpa, mtaa hauwezi kumpokonya, na Jenerali mwenye nyumba tano aweza kuwa hana.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe ni zito: Mwalimu, maneno hayo ndiyo watakayo wenye hazina, mtukuze koplo maskini, wapate kumlipa kidogo. La. Narudia kwamba yako madaftari mawili. Tunachodaiwa na askari ni daftari moja: mshahara, matibabu, kiinua mgongo kamili tena kwa wakati wake, paa lisilovuja. Neno lenyewe kiinua mgongo lakiri kwamba tuliuinamisha. Mafanikio yake ni daftari la pili. Tunapoyachanganya, hutokea dhuluma maradufu: paa la mzee likivuja twasema yeye ndiye aliyeshindwa, na hivyo aibu iliyo yetu twaivisha mwilini mwake, na mdaiwa ajiondokea salama. Makuti yale yaliyochoka si ushahidi juu ya maisha ya koplo. Ni ushahidi juu yetu.

Fasihi yetu nayo haiwezi kujitoa katika lawama hii. Shaaban Robert alitutungia utenzi wa vita vya 1939 hata 1945, Henry Muhanika akatunga utenzi wa vita vya Kagera, na kwa kazi hizo tuna haki ya kujivunia. Walakini katika tungo za namna hiyo majemadari na mataifa ndiyo yapigwayo taa. Koplo na mkungu wake wa ndizi hupita gizani. Askari wetu mashuhuri kuliko wote ni wa shaba, yule asimamaye katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, na hata yeye hana jina. Tumezoea kumpenda askari asiyeweza kusema.

Yule aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mutukula mwaka 1979 alizaliwa 1959. Nanyi wanafunzi mwajua kujumlisha. Idara zetu zina fedha za kuwapeleka watu kukusanya majina ya samaki na nyimbo za unyago, na ni vyema. Lakini sijaona fedha iliyotengwa kwa ajili ya kumwuliza koplo mmoja alihesabu nini aliporudi nyumbani. Nimempa yule kijana wa nyumba mbili daftari tupu, na nimemwambia insha yake sitaisahihisha mpaka arudi nalo limejaa. Mzee huwa barazani baada ya sala ya alasiri, na gari ya Makunduchi yapita karibu na mlango wake.