MANENO YA KUTISHA



Tarehe 25 Oktoba 1969, hapa Kisumu, siku ya kufungua hospitali mpya, Rais Kenyatta na Bwana Oginga Odinga walitupiana maneno makali mbele ya umati. Mawe yakarushwa, risasi zikalia, raia wakafa. Mwezi huohuo chama cha K.P.U. kikapigwa marufuku.

Mwaka 2010 baadhi ya wahubiri walitutisha kwamba Katiba mpya italeta Mahakama ya Kadhi, hali mahakama hiyo ilikuwamo katika Katiba ya 1963.

Anayekutisha hataki ufikiri. Mwulizeni kwa adabu: ushahidi uko wapi? Na katika mikutano yetu kila mtu asikilizwe mpaka amalize. Bei ya unga haiulizi mtu dini wala chama.

Umoja ni nguvu.