Mukurwe wa Nyagathanga Hapahitaji Hoteli

Watu wa Mlima, leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tuna mahali pamoja ambapo kila Mkikuyu, awe wa Nyeri, Kiambu ama Kirinyaga, huambiwa ndipo ukoo wake ulianzia. Na pale mahali, kitu kikubwa zaidi kilichojengwa ni gofu la hoteli.

Naongea kuhusu Mukurwe wa Nyagathanga, kijiji cha Gakuyu, Murang'a. Ukitoka Nyeri unapitia Othaya na Kiria-ini, unafika Murang'a mjini, halafu unatafuta bodaboda. Hadithi unaijua hata kama hukulelewa na cucu. Ngai alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka juu ya Kirinyaga, akamwambia ashuke akajenge penye miti. Pale akampata Mumbi, wakazaa mabinti "tisa kamili", ambao ukweli ni kumi, kwa sababu kwetu watoto hawahesabiwi mpaka mwisho. Kenyatta aliiandika hiyo hadithi kwa kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka 1938. Kama unaitwa Wanjiru, Wambui, Wangari ama Nyambura, hiyo madhabahu iko kwa kitambulisho chako.

Sasa sikiza tulichofanya. Miaka ya 1980 iliamuliwa kwamba pale pajengwe hoteli ya watalii. Simiti ikamwagwa, nguzo zikasimama, halafu kazi ikakwama. Magugu ndiyo yakawa wageni wa kwanza kuingia vyumbani, na hawajalipa mpaka leo.

Watu wengi wakiona gofu wanalia pesa. "Ona vile pesa ya umma imepotea, hiyo hoteli imalizwe!" Hapo ndipo mimi nawaacha. Shida si kwamba hoteli haikuisha. Shida ni kwamba ilianzishwa. Mtu aliangalia mahali ambapo wazee huvua viatu na kuinua mikono kuelekea mlima, akajiuliza, "Hapa tutauza vitanda vingapi?" Hayo ndiyo mawazo yaliyotuharibia. Gofu ni risiti tu.

Najua mtaniambia huyu ni dropout, anajua nini kuhusu maendeleo. Sawa. Digrii sina, lakini macho ninayo. Twendeni Nyeri mjini basi. Kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Linatunzwa, na maskauti hutoka pembe zote za dunia kuja kusimama pale kimya. Songa upande wa Mathari, kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita, amezikwa humo, na mabaki ya askari wake yamehifadhiwa. Hao watu walishindwa vita, tena ugenini, na bado wafu wao wanasomewa misa. Hakuna aliyewajengea hoteli juu ya vichwa vyao ndio wakumbukwe. Kuna mtu ana ufunguo, kuna mtu anafagia, kuna siku ya kukumbuka. Basi.

Na sisi? Dedan Kimathi wa Nyeri hii hii alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo mwili wake haujarudi nyumbani. Mgeni ana kaburi lenye maua, mwenyeji hana hata kaburi. Halafu tunajiita jamii inayoheshimu mizizi.

Kuna wale watasema, "Lakini viongozi huenda Mukurwe." Eeh, huenda! Uchaguzi ukinusa tu, misafara inajaa. Mei 2021, Justin Muturi, wakati huo akiwa Spika wa Bunge la Taifa, alitawazwa pale kuwa msemaji wa eneo la Mlima, na wazee wenyewe wakagawanyika juu ya hiyo shughuli. Sina neno na mtu kutawazwa. Neno langu ni hili: mahali panapofaa kumpa mwanasiasa baraka asubuhi, mbona hapafai kupewa mlinzi na fagio jioni?

Wengine, hasa kanisani, wananiambia hayo ni mambo ya mashetani. Wakristo wenzangu, tuheshimiane. Watu wetu wanachanga pesa, wanapanda ndege mpaka Yerusalemu, wanaweka mkono kwenye ukuta wa mawe na kulia. Sawa kabisa, ni imani. Lakini mawe ya mbali yakiwa matakatifu na mti wa Murang'a ukiwa pepo, hiyo si dini tena. Hiyo ni kujidharau tu.

"Na kazi kwa vijana?" Swali zuri. Hiyo hoteli imekuwa "inakuja" tangu kabla sijazaliwa. Imeandika kijana mgani wa Gakuyu? Angalieni Pwani. Makaya ya Wamijikenda ni vijiji vilivyohamwa zamani, ndani ya msitu. Kwa macho ya kibiashara ni mahame matupu. Lakini wazee wa kaya walishika mwiko: mti haukatwi, na mgeni anafuata masharti. Mwaka 2008 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Heshima ilitangulia, mgeni akafuata. Sisi tulianza na mapokezi ya mgeni, sasa hatuna mgeni wala heshima.

Na msiniambie sheria haipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 63, inahesabu madhabahu ya jamii katika ardhi ya jamii. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti inapewa shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo Nairobi ikisema ni kazi ya Murang'a, na Murang'a ikisema ni kazi ya Nairobi, wote wawili wanakudanganya. Ni kazi ya wote.

Ninachotaka ni vitu vitatu, na havihitaji mwekezaji. Bomoeni hilo gofu, msilimalize. Pandeni mikurwe na mikuyu pale liliposimama. Halafu waajiriwe watu wa hapo hapo Gakuyu: wazee wa kusimulia, vijana wa kuongoza wageni, kwa mshahara unaoonekana kwenye bajeti ya kaunti kila mwaka, uchaguzi uwe ama usiwe. Wageni wakija, mama wa kijijini atawauzia nduma na chai, na hiyo pesa italala Gakuyu.

Na wewe mwenzangu mwenye droni, ukienda pale usirushe tu sekunde 30 za gofu na muziki wa huzuni. Muulize mbunge wako na MCA wako, kwa jina, mbele ya kamera: mahali alipoanzia Mumbi, nani ana ufunguo?