Ahadi ni deni, hata kwa mtunzi wa hadithi

Zipo riwaya ambazo msomaji huzimaliza kwa usiku mmoja, na zipo zinazomdai miaka. Hizi za pili aghalabu ni zile riwaya ndefu za maajabu, zenye wafalme, wachawi, mazimwi na nchi zisizoonekana katika ramani yoyote. Vijana wetu wengi wasomao Kiingereza huzipenda mno, na wazee wengi huzipuuza kuwa ni porojo tupu. Nimezisoma kadha wa kadha siku hizi, pamoja na riwaya zetu za Kiswahili, na ningependa kutoa maoni yangu bila ya kumwonea haya mwenye jina kubwa.

Kwanza wazee wajibiwe. Maajabu si mali ya Wazungu. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya elfu nne, nao umejaa vita na mambo ya kustaajabisha. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alisimulia kisa cha mtu aliyelazimika kuwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili ambao kwa hakika walikuwa ndugu zake. Mwenye kusema kwamba hadithi za namna hii zimeletwa kwa meli hana budi kwanza atueleze manyani hao walitoka wapi.

Wala urefu peke yake si kosa. Tazameni The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alianza kuiandika mwaka 1937, na ikatoka London kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Sitaficha kwamba mwanzo wake unakwenda kwa mwendo wa kobe, na kwamba mashairi yaliyomo yangeweza kupunguzwa nusu pasi na kumdhuru mtu. Lakini tangu mapema msomaji anajua safari ni ya nini: pete moja ya shari sharti ipelekwe mlimani ikateketezwe. Inateketezwa kweli, na baadaye wasafiri wanarudi kwao na kukuta kijiji chao kimeharibiwa, naye Frodo aliyeibeba pete hapati tena raha. Huo ni urefu wenye sababu. Mzigo ungekuwa mwepesi kama njia ingekuwa fupi.

Sasa tuje kwa Robert Jordan wa Marekani. Mfululizo wake uitwao The Wheel of Time ulianza mwaka 1990 na kumalizika mwaka 2013, juzuu kumi na nne, mbali na kitabu kimoja cha kutangulia. Juzuu za mwanzo ni tamu kweli kweli. Kisha maji yakazidi unga. Juzuu ya kumi, Crossroads of Twilight, iliyotoka mwaka 2003, kwa sehemu kubwa inarudi nyuma kutuonyesha watu walikuwa wakifanya nini siku ile ile tuliyokwisha kuisoma mwishoni mwa juzuu ya tisa. Nguo zinaelezwa hata msomaji anaweza kwenda kumshonesha fundi. Yumo mama mmoja, Nynaeve, ambaye huvuta msuko wa nywele zake kila akikasirika, naye hukasirika karibu kila ukurasa! Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kufika mwisho, na kazi ikamalizwa na Brandon Sanderson kwa kutumia maandishi aliyoyaacha marehemu. Sauti inabadilika, lakini mwendo unapata uhai, na nyuzi zilizoachwa miaka mingi zinafungwa. Namshukuru Sanderson kwa kulipa deni lisilokuwa lake.

Wa tatu ni George R. R. Martin, naye ni Mmarekani. Kwa maoni yangu, katika hawa watatu ndiye ajuaye zaidi nyoyo za watu. Katika A Game of Thrones ya mwaka 1996, mtu mwadilifu tuliyedhani kuwa ndiye shujaa anakatwa kichwa kabla juzuu haijaisha, na tangu hapo msomaji hana usalama. Martin alikusudia juzuu tatu tu. Hadithi ikapanuka, ikawa kama mti wa kivuli uliovunja ukuta wa nyumba. Juzuu ya nne ya mwaka 2005 iliwaacha nje baadhi ya wahusika wakuu, wakangojewa mpaka ya tano mwaka 2011. Miaka zaidi ya kumi ikapita baada ya hapo pasi na ya sita. Watu wa televisheni ndio waliomaliza kisa mwaka 2019, kwa namna ambayo wengi hawakuridhika nayo.

Wapo wanaomtetea, na hoja yao ina uzito. Husema kwamba mtunzi si mtumwa wa msomaji, na kwamba kitabu kizuri kilichochelewa ni bora kuliko kibaya kilichowahi. Nakubali. Lakini aliyenunua juzuu ya kwanza hakununua kipande cha hadithi, alinunua ahadi. Bibi zetu waliposema “Paukwa!” walingoja kwanza wajibiwe “Pakawa!” Hayo yalikuwa mapatano. Mtoto alitoa usikivu wake, na bibi alitoa hadithi nzima, sio nusu yake. Hakuna aliyemshurutisha bibi kusimulia. Lakini akishaanza, kesho yake wajukuu walikuwa na haki ya kumkumbusha.

Ufupi nao una fahari yake. A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968, ni kitabu chembamba. Kinahusu kijana wa visiwani, mwenye ngozi ya rangi ya shaba, ambaye kwa majivuno anakifungulia kivuli kibaya na kulazimika kukikabili. Mtu wa Lamu au Pemba hatapotea humo, kwani ni dunia ya bahari, mashua na upepo. Na kwetu, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hazifiki kurasa mia kila moja, lakini zimebeba mauti, Mungu, na swali la ukweli ni nini. Ni vitabu vigumu, na mwenye kudai kuwa amevielewa vyote kwa kusoma mara moja anajipendekeza kwa walimu. Hata hivyo, ugumu wake humrudisha mtu kitabuni. Urefu wa bure humfukuza.

Lakini na sisi tusijisifu kupita kiasi. Ugonjwa wetu ni kinyume cha ule wa Jordan: tuna haraka. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, inampitisha mhusika wake katika pande nyingi za dunia kwa kurasa chache sana, na mara nyingi msomaji angependa kukaa pale alipofika japo apate kunywa maji. Sioni kwa nini mtunzi wa Kiswahili asijaribu mfululizo wa juzuu tatu wenye nchi yake, miji yake na mizimu yake. Lugha inatosha, na malighafi ipo tangu siku za tenzi. Wachapishaji wawape watunzi nafasi, wasipime kila mswada kwa kipimo cha kitabu cha darasani.

Sharti langu ni moja. Anayetaka kuianza safari ndefu aujue mwisho wake kabla ya kuichapisha juzuu ya kwanza. Na wewe msomaji, ukiona unavutwa tu kama ng'ombe wa mnada, kiweke kitabu chini, uchukue kingine. Fedha ulizotoa hazitarudi, lakini jioni zako zilizobaki bado ni zako.