Nani Kakuambia Unadaiwa?

Katika kurasa hizi tumezoea kugombana juu ya riwaya. Nani kamwiga nani, nani kaharibu Kiswahili, mashairi huru ni mashairi au ni porojo. Haya. Leo naomba tugombane juu ya utungo ambao kila mwaka husambazwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala, idadi ambayo mwandishi wa kwetu hajawahi hata kuiota, na ambao hakuna binadamu aliyewahi kuusoma kwa raha. Nazungumzia barua za leseni ya televisheni kule Uingereza.

Najua mtasema, sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Kariakoo na Magomeni? Yanatuhusu, jamani. Nani kati yetu hana shangazi, binamu au mshikaji aliyepanga chumba London, Leicester au Reading? Mtu huyo anabeba maboksi usiku, mchana analala, televisheni hana habari nayo. Halafu bahasha inaingia mlangoni: lipa, ama sivyo mahakamani. Anatetemeka, analipa. Mimi nasema huko ni kuibiwa kwa maneno, na kwa kuwa maneno ndiyo kazi tunayojidai kuifanya, hatuna haki ya kunyamaza.

Kwanza tuelewane juu ya sheria yenyewe, maana vijiweni watu wanaichanganya. Sisi BBC tunaijua kwa Idhaa yake ya Kiswahili, tangu 1957, na hakuna aliyekuja kutudai senti kwa kusikiliza. Mwingereza yeye hulipa. Ilianza na leseni ya redio mwaka 1922, shilingi kumi. Ya televisheni ikaja 1946, pauni mbili. Ile ya redio ikafutwa 1971. Aprili 2025 ada ya televisheni ilipandishwa mpaka pauni 174.50 kwa mwaka. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hiyo si hela ya kuchezea.

Lakini anayetakiwa kulipa ni nani? Si kila mwenye nyumba, wala si kila mwenye televisheni. Ni yule anayetazama au kurekodi vipindi vya televisheni vinaporushwa moja kwa moja, kwa chombo chochote kile, hata simu, na yule anayetumia BBC iPlayer (hiyo iliingizwa Septemba 2016). Basi. Ukiwa na seti unayochezea michezo ya kompyuta tu, hudaiwi. Ukitazama sinema za Kibongo zilizowekwa YouTube, hudaiwi. Ukisikiliza redio kutwa kucha, hudaiwi. Lakini ukikaa na simu yako huko Leicester ukatazama Simba na Yanga moja kwa moja kupitia stesheni ya televisheni ya nyumbani, hapo bwana unadaiwa, hata kama mpira unachezwa Dar. Naliweka hili wazi mapema ili asije mtu akasema eti nawafundisha watu kukwepa. Mwenye kudaiwa na alipe.

Sasa tuitazame barua kama tunavyotazama hadithi ya mwenzetu, bila huruma.

Imeandikiwa nani? Haina jina. Imeandikwa tu "kwa mkaaji halali" wa anwani hiyo. Kompyuta ina orodha ya anwani, na anwani isiyo na leseni inapelekewa barua. Hakuna aliyekuona wala aliyekuchungulia dirishani. Lakini lugha! Onyo rasmi. Uchunguzi umefunguliwa. Afisa atafika. Faini hadi pauni 1,000. Wino mwekundu, herufi nene. Msomaji anajengewa mhusika anayemjua kila kitu, kumbe mhusika huyo hajui hata kama anayesoma ni mwanamke au mwanamume, kama ana seti au ana godoro tu. Sentensi moja ya maana, kwamba kama hutazami huhitaji leseni, mara nyingi imefichwa mbali, baada ya msomaji kuishiwa pumzi. Mhariri wetu hapa angemrudishia mwandishi kazi hiyo na kumwambia kitu muhimu kiende juu.

Na kuna ambalo barua hailitii wino mwekundu. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu asiyehitaji leseni kuijibu. Hakuna. Anayebisha hodi ni mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kandarasi na BBC, si polisi. Huna lazima ya kumfungulia wala kujibu maswali yake, na akitaka kuingia bila ridhaa yako lazima awe na hati ya upekuzi iliyotolewa na mahakama. Akija na hati hiyo, mpishe. Akija bila hati, mwambie kwa adabu arudi alikotoka.

Hapa ndipo wazee wa busara wanapodakia: "Aa, we lipa tu yaishe, ugenini usijitafutie balaa." Msemo huu unaniudhi kuliko barua yenyewe. Najua ulikotoka. Mpaka ilipofutwa mwaka 2003, kodi ya maendeleo iliwafanya baba zetu wapite vichochoroni wakimkwepa mgambo, na asiye na stakabadhi mfukoni alikuwa mkosaji hata kabla hajafungua mdomo. Kabla yake ilikuwepo kodi ya kichwa ya mkoloni. Tumerithi hofu ya karatasi yenye nembo. Karatasi ikisema unadaiwa, basi unadaiwa, hakuna cha kuuliza. Hofu hiyo tumeipakia kwenye ndege tukaenda nayo mpaka Ulaya, na huko ikakutana na barua iliyotungwa mahususi kwa watu wa aina hiyo.

Watetezi wana hoja yao, tusiifiche. Wanasema wakwepaji wapo, na bila kutishia hakuna atakayelipa. Sawa, wapo. Lakini sheria yenyewe ina meno tayari: kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na asiyelipa faini ya mahakama anaweza hata kuishia jela. Mwenye meno hayo ya nini tena kumbwekea kila mpita njia?

Na ubaya mkubwa wa kubweka ni huu. Mtu aliyeletewa barua kumi za vitisho zisizo na jina, na lisitokee lolote, ya kumi na moja anaitupa bila kuifungua. Kumbe ya kumi na moja ndiyo imetoka mahakamani, ina jina lake. Tangu 2015 kesi hizi huko England na Wales husikilizwa kwa wingi na hakimu mmoja aliyekaa na makaratasi yake, mshtakiwa hayupo. Unapewa siku 21 za kujibu. Ukinyamaza, unaweza kutiwa hatiani huku unakaanga mayai nyumbani. Barua hiyo usiitupe kamwe, ijibu, na kama hukubali kosa andika kwamba hukubali. Tofauti ya zile na hii ni kubwa kama ardhi na mbingu, lakini waandishi wa zile wamejitahidi miaka yote zifanane na hii. Nani wa kulaumiwa akichanganyikiwa mtu ambaye Kiingereza amekijulia ukubwani?

Tena wanaonaswa zaidi ni wanawake, kiasi cha 7 kati ya 10. BBC yenyewe ilitoa ripoti juu ya jambo hili mwaka 2017, na sababu mojawapo ni nyepesi kuliko mnavyodhani: wao ndio mara nyingi wako nyumbani na ndio wanaofungua mlango. Mama ana mtoto mgongoni, amefundishwa kwao kwamba mgeni hukaribishwa, anamkaribisha. Ustaarabu wake ndio unaogeuzwa ushahidi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una dada huko, usimtumie salamu za "lipa yaishe". Muulize kwanza: unatazama moja kwa moja, au hutazami? Kama hatazami, anaweza kuzinyamazia barua zisizo na jina, au akitaka utulivu atoe tamko kwamba hahitaji leseni. Lipo, halilipiwi, ingawa wanaweza bado kuja kuhakikisha. Barua zitakoma. Baada ya miaka miwili hivi wataandika tena kuuliza, na akipuuza, yule mkaaji halali asiye na jina ataanza upya kutumiwa maonyo.