Kirukanjia Si Panya, Wala Hana Sumu

Imejikita katika vichwa vya wakulima wengi wa Kisii na Nyamira dhana kwamba kila kinyama cha kijivu kipitacho baina ya migomba ni panya, mwizi wa mahindi, na kwamba yule mwenye pua ndefu, kirukanjia, ni mbaya kuliko wote kwa kuwa ana sumu. Na shahidi wanayemleta ni paka, ambaye humwua kisha akamwacha kizingitini bila ya kumla. Hukumu hiyo ni dhuluma, na ushahidi wake ni batili. Paka humwacha kwa sababu ya harufu itokayo katika tezi za ubavuni mwake, nayo ni silaha aliyoruzukiwa kiumbe dhaifu.

Anayebisha na amtazame mdomoni. Panya ana meno mapana mbele, mawili juu na mawili chini, mithili ya patasi za seremala, yaliyoumbwa kwa kuguguna. Ilhali kirukanjia, ambaye nasaba yake i karibu zaidi na kalunguyeye, ana safu ya meno madogo yenye ncha, yafaayo kupasua gamba la mdudu, na macho yake ni madogo hata riziki yake huitafuta kwa pua isiyotulia. Riziki yenyewe ni sota, panzi, mchwa na mabuu ya mbawakawa, aghalabu wale wale wakatao miche yetu ya sukuma wiki. Na kwa kuwa mwili wake huunguza chakula upesi mno, hawezi kukaa saa nyingi bila ya kula, hivyo huwinda usiku na mchana pasipo kumdai mkulima ujira.

Maskani yake ni nyasi ndefu na ukingo wenye unyevu wa vijito viteremkavyo Mto Gucha. Nasi tumeyakata mabonde mifereji, tukapanda mikaratusi hadi majini, na fauka ya hayo tunatupa shambani sumu ya panya, ambayo huweza kumfikia kwa njia ya wadudu walioila. Mwaka 2009 wataalamu walimtambulisha kirukanjia wa Mlima Elgon kuwa aina ya peke yake. Wa kwetu tunawaua hata bila ya kuwatambua.

Enyi wakulima, panya mtegeni ghalani kwa mtego, sumu msiitupe shambani. Na mikaratusi iliyo kandokando ya kijito ing'oeni, muuache ukanda wa nyasi uote.