Kilomita Chache Si Ujana

Nianze kwa kukiri. Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye skrini ya simu yangu, mahali ambapo watu wengine huweka picha za watoto wao, mimi nilikuwa nimeweka Subaru Impreza WRX STI ya 2006. Buluu, rimu za dhahabu, ile pua ya kuvuta hewa juu ya boneti. Dashibodi yake ilisoma kilomita 41,000. Broka aliyenipeleka kuiona Kiambu Road aliitaja hiyo namba mara saba. Nilihesabu. Bei hakuitaja hadi nilipouliza.

Upande wa pili kulikuwa na WRX S4 ya 2015. Kijivu, otomatiki, kilomita 112,000, mali ya mwalimu mmoja wa Thika aliyeweka risiti zote za gereji kwenye faili. Ilizidi ile STI kwa laki mbili unusu. Wasee wangu wote, bila mmoja wao kusita, walisema nichukue ya zamani. "Buda, elfu arobaini na moja tu! Hiyo ni gari mpya."

Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi ya mwisho. Gari la miaka 20 si jipya, hata lingekuwa limefungiwa kabatini. Tumefundishwa kuiabudu namba ya dashibodi kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa, na kuna watu wanaokula vizuri sana kwa ibada hiyo yetu.

Fanya hesabu nami. Kilomita 41,000 ukizigawa kwa miaka 20 unapata 2,050 kwa mwaka. Kwa siku haifiki hata kilomita 6. Kutoka katikati ya jiji hadi Westlands na kurudi tayari umezimaliza. Kwa hivyo kuna mambo mawili tu. Labda namba ni ya uongo, kwa sababu odomita hurudishwa nyuma na kila fundi mjini anajua hivyo. Au namba ni ya kweli, na gari limeishi maisha ya safari fupifupi na kulala. Wauzaji wanataka uogope hilo la kwanza pekee, ili wakikuonyesha kwamba namba haijaguswa, upumue na utoe pesa. Mimi nasema ogopa yote mawili.

Gari lililolala huzeeka kimyakimya. Injini ya STI hiyo huendeshwa na mkanda wa taiming, na mkanda ni mpira. Mpira huzeeka kwa kilomita na pia kwa miaka. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu, na hapo huzungumzii tena ukarabati, unazungumzia injini nyingine. Nilipomuuliza broka kama mkanda umewahi kubadilishwa, alicheka. "Bado sana, boss. Hiyo hubadilishwa ikifika laki moja." Yaani kwa hesabu yake, mkanda wa tangu 2006 ulikuwa bado mtoto kwa sababu haujatembea.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Mipira ya mihimili hukauka na kupasuka. Sili za injini hukakamaa, kisha siku unapoanza kuliendesha gari kila siku ndipo zinaanza kuvuja. Injini inayowashwa kwa dakika kumi na kuzimwa haipati moto wa kutosha kukausha maji ndani ya oili. Halafu magurudumu. Yalikuwa na meno mazuri, yanang'aa. Niliinama nikasoma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1413. Wiki ya 14, mwaka wa 2013. Nilimwonyesha broka. Akaniambia hayo magurudumu hayajaona barabara.

Kitu kimoja zaidi. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa mpya tititi. Usukani, kwa upande mwingine, ulikuwa umelika mahali mkono wa kulia hushika. Gari la kilomita 41,000 lina sababu gani ya kubadilishiwa raba ya pedali? Sikuuliza. Nyumba njema si mlango, na huyu alikuwa amepaka mlango rangi.

Najua kwa nini tunaumwa na magari haya. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na wengi wetu tumelelewa na wajomba ambao bado wanaisimulia kana kwamba walikuwa wamekaa kiti cha pembeni. Tena sheria inaongeza kiu. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake hakuna STI nyingine ya 2006 itakayoshuka Mombasa. Zilizopo ndizo hizo. Broka anajua hivyo, kwa hivyo anakuuzia uhaba, anauita ubora.

Wapinzani wangu wana hoja, na nitazitaja bila kuzichuna ngozi. Wanasema gari la zamani lina gia za mkono, linaongea nawe, lakini S4 ni otomatiki ya CVT, "gari ya kupeleka shangazi saluni". Kweli, nimeziendesha zote mbili, na ile ya zamani ilinifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Wanasema CVT nayo ina gharama zake. Kweli pia, haitaki uzembe. Wananirushia methali: kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini nani hapa anayefuata kipya? Mimi nilikuwa natazama gari la miaka zaidi ya 10 lenye kilomita laki moja na ushee. Kinyemi ni chenu nyinyi, mlioona namba ndogo mkaona upya.

Hoja yao kubwa ni thamani. Eti STI haishuki bei, S4 itashuka. Sawa. Lakini haishuki kwa masharti gani? Usiiendeshe. Kila kilomita unayoongeza inakula ile sifa uliyoilipia. Basi umenunua nini? Umejiajiri uwe askari wa gari, unalilindia mtu atakayelinunua baada yako. Mimi nilikuwa nataka gari la kwenda kazini Jumatatu na Naivasha Jumamosi.

Na pesa hazikuwa zangu. Zilikuwa mkopo wa sacco, na mdhamini mkubwa alikuwa mama yangu. Hisa alizoweka tangu nikiwa darasa la nne zilifungwa kwa jina langu. Nilipomwonyesha picha ya ile gari ya buluu, hakuuliza kilomita. Aliuliza, "Hiyo gari ikikufia barabarani, mimi nitadai nani?" Nikapiga simu za bima. Watatu niliowauliza walikataa kulipa bima kamili gari la miaka 20, wakanipa ile ya kulinda watu wengine tu. Yaani likiibwa au likiungua, mama angeendelea kulipa gari ambalo halipo. Nilikaa na hilo jibu usiku mzima. Asubuhi nilibadilisha picha ya simu.

Nilinunua ya mwalimu. Injini yake, FA20, hutumia cheni badala ya mkanda. Lakini kilichonishawishi zaidi ni lile faili: oili ilibadilishwa lini, wapi, kilomita ngapi, ukurasa kwa ukurasa. Kilomita 112,000 zenye ushahidi. Mtu alizitembea, akazitunza, akaziandika.

Sisemi usinunue gari la zamani. Kama una pesa yako mwenyewe na gari lingine la kukupeleka kazini, nunua, utusalimie ukipita. Nasema usilipie kilomita chache kama vile ni afya. Soma tarakimu za magurudumu. Uliza mkanda ulibadilishwa mwaka gani, si kilomita ngapi. Uliza karatasi ya mnada wa Japan na ulinganishe kilomita zake na za dashibodi. Akikujibu kwa kurudia namba ileile, mwambie asante, tafuta matatu urudi nyumbani.

Ile STI bado inauzwa. Niliona tangazo lake wiki jana. Kilomita 39,000.